Dau la Mwalimu Mwanaamina

"Umelenga kushoto tena," Renatus alisema.

Mwanaamina hakuinua kichwa. Aliutazama mpira uliopita kando ya shimo kwa upana wa kidole, ukaenda kusimama kwenye ukingo wa mchanga.

"Nimelenga shimo."

"Macho yako yamelenga shimo. Mabega yako yanatazama ile mikaratusi ya bomani. Mpira haujui macho yako yanataka nini, Mwanaamina. Unafuata mabega na uso wa fimbo."

Uwanja ule wa gofu wa Kasulu ulikuwa umeachwa na Wazungu wa zamani. Mashimo yake yalikuwa machache, na ng'ombe walikula majani katikati yake bila kumwomba mtu ruhusa. Kuzunguka kila shimo hapakuwa na majani laini kama ya viwanja vya mijini. Palikuwa na duara la mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya magari ili upepo usiupeperushe, na kabla ya kupiga, mchezaji aliusawazisha kwa kukokota gunia. Waliocheza pale walikuwa watumishi wa serikali waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa mingine, wafanyabiashara wawili watatu, na mwanamke mmoja tu: Mwanaamina binti Gharibu, mwalimu wa hesabu, aliyecheza na gauni lake refu na kitambaa kichwani.

Renatus alikuwa mganga msaidizi wa hospitali, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole wa sauti. Alilaza fito mbili za mwanzi juu ya mchanga, sambamba, zikielekea shimoni. Juu yake akavuta uzi kutoka kijiti hadi kijiti, uzi mweupe ambao Mwanaamina alikuwa ameutoa dukani kwa baba yake.

"Vidole vya miguu viguse ufito huu. Vya miguu yote miwili. Sasa shika fimbo hii nyingine, ilaze kifuani, bega kwa bega. Unaona inakoelekea?"

Mwanaamina akatazama. Kweli, ilielekea kwenye mikaratusi.

"Rudisha bega la kulia nyuma. Kidogo. Hapo." Mkono wa Renatus ulikuwa umeinuka kumsogeza, ukasimama hewani karibu na bega lake, ukashuka bila kumgusa. Watu wa bomani walikuwa wanapita. "Hapo hapo. Piga."

Mpira uliteleza chini ya uzi, ukaingia shimoni kwa mlio mdogo.

Renatus alicheka kwa furaha. Mwanaamina hakucheka. Aliuokota mpira, akaurudisha palepale.

"Unapofanikiwa huwa hufurahi," Renatus alisema taratibu. "Nimekuwa nikikutazama tangu masika. Unapiga kama mtu anayeua nyoka."

"Watu wa Kibondo wanakuja kesho kutwa?"

"Wanafika kesho. Mashindano ni Jumapili."

"Na yeye yumo?"

"Yumo. Ndiye bingwa wao."

"Basi nitafurahi Jumapili," Mwanaamina alisema, akapiga tena.

Aliyekuwa akiuliziwa ni Athuman, na hapakuwa na mtu Kasulu asiyejua kisa chake. Mwaka juzi Athuman alikuwa akisimamia duka la mjomba wake hapa mjini. Ndiye aliyemleta Mwanaamina uwanjani mara ya kwanza, ndiye aliyemwekea fimbo mkononi, akamcheka alipokosa, akamwita Mina, akamposa. Mahari ikapokelewa, siku ikatajwa. Siku hiyo uani kwa Mzee Gharibu wanawake walijaa hadi ukutani, pilau iko motoni, hina haijakauka mikononi mwa bibi harusi. Badala ya bwana harusi akaingia mama yake, Bi. Tunu, na buibui lake jeusi, akasimama katikati ya ua.

"Mwanangu haoi hapa," Bi. Tunu alisema. Kisha akamgeukia mama yake Mwanaamina, aliyekuwa ameshika upawa. "Sisi ni watu wa Ujiji, tuna kwetu. Mtoto wa mpalilia maharage wa Murungu haingii nyumba yetu. Mlifikiri ukivikwa kanga na kuitwa Adija, watu wanasahau ulikotoka?"

Mama yake Mwanaamina alizaliwa Josephina, Muha wa Murungu, akasilimu alipoolewa na Gharibu, akafunga Ramadhani zote pamoja na zile alizokuwa na mimba. Siku ile aliuweka upawa chini, akaingia ndani. Athuman hakuonekana, na mwezi haukuisha akamwoa Kudra, binti wa jamaa zao wa Kibondo, akahamia huko.

Mwanaamina angeweza kuyasahau yake. Lakini tangu siku ile mama yake hakukanyaga tena kwenye kusanyiko la wanawake. Si harusi, si maulidi, si kumtazama mzazi. Akialikwa husema mgongo unamuuma. Kila Mwanaamina alipomwona mama yake amekaa peke yake uani akichambua maharage huku ngoma za harusi zinalia mtaa wa pili, alichukua fimbo yake akaenda uwanjani.

*

Lori la Kibondo liliingia Jumamosi mchana. Mwanaamina alikuwa peke yake kwenye mchanga, ameinama, aliposikia nyuma yake sauti aliyoijua kuliko sauti ya adhana.

"Mina."

Alimaliza kwanza kupiga. Mpira ulikwenda kushoto. Ndipo akageuka.

Athuman alikuwa amenenepa kidogo. Macho yalikuwa yaleyale, ya mtu aliyezoea kusamehewa.

"Hilo jina lilikufa," Mwanaamina alisema. "Mimi ni Mwalimu Mwanaamina. Shikamoo zako mpelekee Mzee Felisiani, ndiye mwenyekiti wetu."

"Bado una hasira."

"Ulitaka niwe nimeifanyia nini?"

Athuman alitazama fito na uzi. "Nani kakutegea mtego huu wa panya? Mimi sikukufundisha hivi."

"Wewe ulinifundisha mengi. Haya nimefundishwa na mtu mwingine."

Alifurahi kuona neno hilo limemchoma. Athuman akasogea, akashusha sauti.

"Nilikosa, Mina. Mama alinikalia kooni. Usiku ule sikulala."

"Mimi nilikaa hadi asubuhi nakwangua hina. Mama alikukalia kooni, miguu je? Ilikuwa imefungwa? Ungeshindwa kuja mwenyewe ukanieleza?"

"Nimekuja sasa. Nisikilize. Kudra hajazaa. Mwaka wa pili huu. Na dini inaniruhusu kuongeza. Nimezungumza na mama, safari hii tumekuja naye, yuko kwa dada yake hapa mjini. Mama amelegea." Akatabasamu, kama aliyeleta zawadi. "Anasema kama ni mke wa pili, haina neno."

Mwanaamina alidhani angepiga kelele. Badala yake alijikuta anatabasamu, na tabasamu lile lilimshangaza hata yeye.

"Amesema hivyo? Haina neno?"

"Kabisa. Mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Basi vizuri." Aliegemea fimbo yake. "Kesho cheza na mimi. Mtu kwa mtu, shimo kwa shimo. Ukinishinda, peleka wazee kwa baba Jumatatu, mimi nitasema ndiyo. Nikikushinda, wewe na mama yako mtakuja uani kwetu, mbele ya wanawake walewale waliokuwepo, mumwombe mama yangu radhi."

Athuman alicheka. Hakuwahi kushindwa na Mwanaamina hata shimo moja. "Unanipa bure kitu nilichokuja kukiomba?"

"Unaogopa?"

"Nakuonea huruma."

"Mzee Felisiani!" Mwanaamina aliita kwa sauti iliyofika hadi kwenye lori. Mzee Felisiani, bwana shamba mstaafu mwenye kofia ya majani, alikuja akijikongoja, na wachezaji wa Kibondo na wa Kasulu wakamfuata. "Mzee, uwe shahidi. Na ninyi nyote." Akalirudia dau lile neno kwa neno. "Bwana Athuman, umekubali?"

Athuman aliwatazama wenzake, akainua mabega. "Nimekubali."

Kundi lilipotawanyika ndipo Mwanaamina alipomwona Renatus. Alikuwa amesimama na koti lake jeupe la hospitali mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

*

"Niambie sikusikia vizuri," Renatus alisema.

"Umesikia."

"Umejiweka mwenyewe kuwa dau. Kama mbuzi."

"Sitashindwa."

"Leo mchana mipira yako mingapi imekwenda kushoto?" Hakungoja jibu. "Mwanaamina, miezi yote hii nimekuja hapa nikitoka wodini bila kula. Ulidhani nakuja kwa ajili ya gofu?"

Alijua. Alikuwa amelijua neno hilo muda mrefu, akaliweka pembeni kama mtu anayeweka chakula ili akile baadaye. Baba yake alishasikia fununu na akalikataa jambo hilo bila kuinua macho kwenye mzani wake: nimeshachomwa na Mwislamu mwenzangu, sasa unataka nikachomwe na watu wa kanisani?

"Renatus, subiri Jumapili ipite."

"Ikipita ukishindwa, utakuwa mke mdogo wa Athuman. Ikipita ukishinda, utakuwa nani? Mimi niko wapi kwenye uwanja huu? Nashika uzi?"

"Hukumwona mama yangu siku ile!"

"Sikumwona. Lakini ninakuona wewe. Unamchukia yule mtu kwa bidii ambayo mwanamke mwingine angempendea mume. Mimi sina nafasi humo."

"Usiniache leo. Kesho nakuhitaji."

"Umenihitaji kwa mabega na fito. Hizo nakuachia."

"Renatus!"

"Usiku mwema, Mwalimu," alisema, ingawa jua lilikuwa bado liko juu. Akaenda. Hakuwahi kumwita Mwalimu walipokuwa wawili.

*

Asubuhi ya Jumapili ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na baridi ya Julai ikauma vidole. Mwanaamina alifika uwanjani kabla ya mtu yeyote. Alilaza fito, akavuta uzi peke yake. Akasimama: vidole vya miguu, magoti, mabega. Yote yalinyooka. Akapiga. Kushoto.

Akapiga tena. Kushoto.

Alitaka kulia. Miguu iko sawa, mabega yako sawa, sasa nini? Safari hii hakutazama shimo wala mpira, aliitazama mikono yake. Alirudisha fimbo nyuma polepole, na wazo la Athuman likapita kichwani, lile neno la "haina neno", na palepale akauona mkono wake wa kulia ukiminya mpini hadi vifundo vikawa vyeupe. Uso wa fimbo ukageuka. Kidogo mno, lakini uligeuka.

Kumbe ndiyo hivyo. Kila alipomkumbuka, alibana.

Mtu mwingine pengine angejaribu kuacha kumkumbuka. Mwanaamina hakujaribu, alijua hawezi. Aliilegeza mikono kama mtu aliyeshika kifaranga, hasira yote akaihamishia kwenye meno. Akayauma. Akapiga. Mpira ulinyooka chini ya uzi kama umefungwa nao.

Alirudia hadi ukungu ulipoinuka na taya likaanza kumuuma.

*

Watu waliokuja kutazama walikuwa wengi kuliko siku zote. Habari ya dau ilikuwa imelala kila nyumba ya Kasulu. Wanawake waliosimama pembeni na kanga zao walikuwa walewale waliokula pilau ile iliyopikwa bure. Bi. Tunu alikuja na dada yake, akakalia kiti alicholetewa, uso umeinuliwa. Mzee Gharibu hakuja. Aliposikia alilofanya binti yake alifunga duka, akajifungia ndani. Mama hakuwa ameambiwa kitu.

Athuman alipiga mipira mirefu iliyopotea angani, watu wakashangilia. Mwanaamina hakuwa na nguvu hizo. Mipira yake ilikuwa mifupi, ikatua katikati ya njia, ikasogea hatua kwa hatua kama mtu anayekwenda kisimani. Lakini kila walipofika kwenye mchanga mambo yalibadilika. Alikokota gunia, akasimama, akapanga miguu, akapanga mabega, akauma meno, na mpira ukaingia. Shimo la kwanza alishindwa. La pili wakatoka sare. La tatu akashinda, na Athuman akaacha kucheka.

Walipofika shimo la mwisho walikuwa sawasawa.

Athuman alitangulia kusukuma. Alikuwa mbali, akaukosa mdomo wa shimo, akamalizia kwa pigo moja zaidi, akatema mate pembeni. Mpira wa Mwanaamina ulikuwa umelala mbali kiasi cha vitanda viwili. Akiuingiza, ameshinda. Akikosa, wangeanza upya, na nguvu zilikuwa zimemwishia.

Alikokota gunia. Akasimama. Ng'ombe mmoja alilia mbali. Ndipo Athuman aliposogea nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini ambayo yeye tu angeisikia:

"Unalenga kushoto, Mina. Kama zamani."

"Bwana Athuman, rudi nyuma!" Mzee Felisiani alifoka.

Mkono wa kulia ulikuwa umeshabana. Mwanaamina aliusikia. Akauacha mpira, akatoka kwenye mchanga, akatembea hadi kwenye majani, watu wakanong'ona kwamba ameogopa. Alikuwa anasubiri tu vidole vyake vifunguke. Kisha akarudi, akaanza mwanzo. Miguu. Magoti. Mabega. Mikono milegevu. Meno.

Akapiga.

Mpira ulipoondoka hakuufuata kwa macho. Aliinua uso, akamtazama Athuman. Huo ndio wakati alioungoja mwaka mzima na zaidi, na hakutaka kuupoteza kwa kutazama kimpira. Aliyaona macho yale yakiufuata mpira, yana uhakika, kisha hayana uhakika. Akauona mdomo ukifunguka kidogo. Akaona jinsi uso wa mtu unavyoporomoka kutoka juu kwenda chini, nyusi kwanza, mashavu, kidevu. Hapo ndipo alipojua mpira umeingia. Mlio wa shimo na vigelegele vya wanawake alivisikia baadaye.

Upande wa pili wa mchanga, nyuma ya watu, alikuwa amesimama mwanaume mrefu mwenye koti jeupe. Mwanaamina alipogeuka kumtafuta, koti lilikuwa limeshampa mgongo.

*

Mama Adija alikuwa anachambua maharage aliposikia kishindo cha watu. Alipoinuka, ua ulikuwa umejaa. Mbele alikuwa binti yake, nyuma yake Mzee Felisiani, kisha Athuman ameinamisha kichwa, na Bi. Tunu akivuta buibui kama anayekwepa tope. Bibi huyo alikuwa amegoma kuja. Wachezaji wa Kibondo wenyewe ndio waliomwambia Athuman kwamba asipotimiza, asipande lori lao.

"Yoo! Kuna msiba?" Mama aliuliza.

"Hakuna msiba, mama," Mwanaamina alisema. "Una wageni. Kaa."

Athuman alipiga magoti. Maneno yalimtoka kwa shida. Aliomba radhi kwa kutokuja, kwa kumwaibisha, kwa kumwacha mama mtu mzima atukanwe kwenye ua wake mwenyewe.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa bado ameshika ungo. Kisha akainua macho yake, akampita Athuman, akatua kwa Bi. Tunu.

"Nimemsikia mtoto," alisema. "Mwenye maneno sijamsikia."

Bi. Tunu alitazama wanawake waliomzunguka, akatafuta uso mmoja wa kumsaidia, hakuupata. Hata dada yake alitazama pembeni.

"Mama, sema," Athuman alinong'ona kutoka chini. "Nakuomba."

"Basi... yaliyopita yamepita," Bi. Tunu alisema.

"Hayajapita. Yamekaa hapa uani mwangu, nayafagia kila asubuhi."

"Nilikosa."

"Sema kwa sauti, mwenzangu. Siku ile sauti ilikuwepo. Kuna waliokaa nyuma."

"Nilikosa!" Bi. Tunu alisema, na sauti ikampasuka. "Nilikutukana na hukunikosea kitu. Niwie radhi, Bi. Adija."

Mama alikaa kimya muda mrefu, na Mwanaamina aliuona kwa raha ukimya ule ukimtafuna Bi. Tunu, alitamani udumu hadi magharibi.

"Nimesikia," mama alisema mwishowe. "Kusamehe nitafanya na Mungu wangu, polepole. Nendeni."

Walipotoka, wanawake walimzonga mama kwa kumbatio na machozi. Mwenye nyumba wa jirani alisema ana harusi ya mjukuu Ijumaa, na safari hii hataki kusikia habari ya mgongo. Mama alicheka. Mwanaamina hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikisikia kicheko kile.

Ua ulipobaki wao wawili, Mzee Gharibu akifungua mlango nusu kutazama, mama aligeuka.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, kwa Kiha, kama alivyozoea alipokuwa na uchungu. "Wameniambia uliweka nini. Ungeshindwa je?"

"Nisingeshindwa."

"Nimekuuliza, ungeshindwa je? Ningekaa hapa nikijua mwanangu analala kwa wale kwa sababu yangu? Hilo lingenipa heshima? Umenitoa aibu, sikatai. Lakini usinipende hivyo tena."

Mama aliuweka ungo chini.

"Na huyo daktari aliyekufundisha, mbona hakuja?"

"Amenikasirikia."

"Ana haki. Nenda." Akautazama ule mlango uliofunguliwa nusu. "Baba yako niachie mimi."

*

Alimkuta Renatus nyuma ya hospitali, akipakia sanduku kwenye Landrova.

"Unakwenda wapi?"

"Mabamba. Zahanati ya mpakani haina mtu. Walinitafuta tangu mwezi uliopita, nikawa nakataa. Jana nimekubali."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu mimi." Alifunga kamba, akaifunga tena. "Hongera. Ulisimama vizuri."

"Umemwona mama alivyo sasa? Anacheka, Renatus. Bi. Tunu amesema nilikosa mbele ya watu wote. Sijuti."

"Najua hujuti. Ndicho kinachonitisha."

"Nimemaliza. Nakuapia. Amekwisha moyoni mwangu."

Renatus aligeuka, akamtazama kwa muda, kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona.

"Mpira ulipoondoka, hukuutazama. Ulimtazama yeye. Na nilitamani, Mungu anisamehe, nilitamani mtu anitazame mimi vile hata mara moja. Hata kwa chuki. Leo asubuhi ulipoamka, ulimfikiria nani kwanza?"

Mwanaamina alifungua mdomo. Uongo ulikuwa karibu, mwepesi, na angesamehewa. Lakini macho yale yalikuwa hayastahili uongo. Akauma mdomo, akatazama chini.

"Asante kwa kutonidanganya," Renatus alisema. Safari hii mkono wake haukusimama hewani. Ulimgusa bega, ukakaa hapo kidogo, mzito na wa moto. "Siku utakayoamka ukanifikiria mimi kwanza, panda lori la Mabamba. Sitakuuliza kitu."

Landrova iliondoka, ikaacha vumbi jekundu juu ya migomba.

Siku zilizofuata aliamka na Athuman. Aliamka na uso ule unaoporomoka, akautazama kama mtu anayeonja asali kidogokidogo ili isiishe, akaenda shule akiwa ameshiba. Ijumaa mama yake alikwenda harusini na kanga mpya, akarudi sauti imemkauka kwa kuimba. Na Jumatatu iliyofuata mvua isiyo ya msimu ilinyesha alfajiri, baridi ikaingia chini ya mlango, na Mwanaamina, kabla hajafumbua macho, alikuwa anajiuliza kama Mabamba nako kumeingia baridi namna hii, na kama Renatus alikumbuka kuchukua lile sweta lake la kijivu.

Alifumbua macho. Akalala kimya, asijitikise, kama mtu aliyeona ndege dirishani.

Kisha akatupa shuka, akatoka uani pekupeku kwenye tope.

"Mama!" aliita. "Lori la Mabamba linapita saa ngapi?"